Sikuanguka, Nilikaa

Mlioletewa na shemeji yangu ile video ya mimi eti "kuanguka", tulieni. Imekatwa. Mwanzo wake hamjauona.

Jumamosi tulikuwa New Mexico, magharibi mwa Albuquerque, bonde la Rio Puerco. Watu wanne, ramani moja ya karatasi, 1:24,000, sentimita moja ni mita 240. Aliyeishika ni mimi. (Jiografia nilipata A, mnajua, huwa nasema.) Nikawafundisha: mistari ya kahawia ndiyo inayoonyesha mwinuko, ikibanana hapo ni genge, ikiachana ni tambarare, ikibanana ukingoni na juu pakabaki peupe bila mistari, hiyo ndiyo mesa, kilima chenye kilele bapa. "Na mesa ni meza yetu hii hii. Sisi tuliachiwa na Mreno, hawa na Mhispania." Wakanipigia makofi. Hayo makofi ndiyo yaliyoniponza.

Saa nane mchana maji yakatuishia. Nikachungulia ramani: kidoa cha bluu, pembeni kimeandikwa "Tank". Sentimita tatu na nusu, mita 840! Kama mesa ni meza, tank itakuwa nini? Tayari naliona tangi jeusi la plastiki, koki inadondosha tone tone. Shemeji akauliza, "Una uhakika?" Sikumjibu. Nikabeba madumu mawili nikatangulia.

Kumbe kwa wafugaji wa kule tank ni lambo. Lambo, jamani! Shimo la kukinga mvua, ng'ombe wanywe.

Nilivuka tuta mbio. Mguu wa kulia ukazama kwenye tope hadi kifundoni. Wa kushoto ukaenda kumsaidia mwenzake, ukaishia gotini. Ng'ombe kama kumi na wawili wakaacha kunywa. Wote. Nikavuta wa kulia. Mguu ukatoka, kiatu kikakataa. Nikabaki nimesimama kwa mguu mmoja kama korongo, dumu kila mkono, napepea. Aliyekuwa karibu nami akainua mkia, taratibu, bila haraka ya mahali popote, akakojoa kwenye maji yale yale niliyoyafuata. Nikamtazama. Akanitazama, huku anaendelea.

Ndipo nikakaa. Sikuanguka, narudia, nilikaa. Video inaanzia hapo.

Mzee wa ranchi akaja na pikapu, kamba na maji ya kunywa. Kiatu hakijaonekana. Akauliza tulikuwa tunatafuta nini, shemeji akawahi kujibu, wakacheka hadi mzee akaegemea boneti.

Sasa kwenye grupu la familia jina langu ni Lambo. Admini, nimeshakuomba mara mbili.