Tuiondoe risasi kwenye mabomba, lakini umeme je?

PVC, plastiki ya mabomba ya maji, haivumilii joto. Ili ilainike na kupita kwenye mashine ya mabomba inahitaji nyuzi 170 hadi 200 hivi za Selsiasi, na kwenye joto hilohilo huanza kuharibika. Inaachia gesi ya haidrojeni kloridi, gesi hiyo inachochea uharibifu zaidi, na bomba linageuka manjano, kahawia, kisha jeusi kama mkaa. Ndiyo maana kiwanda huchanganya stebilaiza, yaani dawa ya kuikinga na joto. Kwa miongo mingi dawa iliyotawala kwenye mabomba ilikuwa ya madini ya risasi. Watengenezaji wa Ulaya waliahidi mwaka 2000 kuachana nayo, wakamaliza mwisho wa 2015. India ikatunga kanuni zake za kuondoa risasi kwenye mabomba mwaka 2021. Je, na sisi Tanzania tuipige marufuku dawa hii mara moja?

Kwa mtu wa afya hilo halina mjadala. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na ukomo wake kwenye maji ya kunywa ni mikrogramu 10 kwa lita. Ni kweli risasi nyingi hubaki imefungwa ndani ya plastiki. Inayotoka ni ile ya juujuu, hasa bomba likiwa jipya, na hupungua kadiri maji yanavyopita. Watetezi wake hupenda kuishia hapo. Lakini kabla ya kufukiwa, bomba la kwetu linaweza kukaa wiki kadhaa limeegemezwa nje ya duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, na jua huichakaza PVC kuanzia juu. Likishafungwa, maji ya mgao hulala humo usiku kucha. Kipimo cha bomba linalotiririka muda wote hakituambii mengi kuhusu nyumba ya Kimara.

Hata hivyo mwenye kiwanda ana hoja, na si ya bei tu. Risasi inasamehe: ikishaikamata klorini, inatulia. Mbadala wake mkuu ni mchanganyiko wa kalsiamu na zinki, na kloridi ya zinki yenyewe huharakisha uharibifu. Kalsiamu ikichoka kuituliza, mzigo (PVC iliyomo kwenye mashine) unaungua ghafla. Sasa umeme ukatike mchana kwenye viwanda vya Vingunguti, mashine imejaa mzigo wa moto uliosimama. Jenereta ikichelewa, mafundi wanafungua mashine, wanachomoa skrubu na kukwangua masizi. Zamu imekwenda na maji. Dawa ya risasi ingeweza kuwapa muda zaidi wa kuusukuma mzigo nje. Kumwambia mtu huyu "mbona Ulaya wameweza" ni kumkejeli. Ulaya walijipa miaka 15, na umeme wao haukatiki hovyo.

Ila hoja yake inahusu umeme, na suluhisho lake ni jenereta inayowaka kwa wakati na mchanganyiko uliopimwa vizuri. Tena haimgusi kabisa kijana anayepasua mfuko wa stebilaiza ya unga kwenye chumba cha kuchanganyia. Risasi ya kwenye bomba hutoka kidogokidogo. Hii ya unga inapeperuka, anaivuta, inamganda kwenye nguo na kufika nyumbani kwa wanawe, na barakoa ya kitambaa haimsaidii kitu. Mimi ningeanzia hapo. Stebilaiza huuzwa pia kwa chenga zisizotimua vumbi, hata zile za risasi, na kubadili hilo hakuhitaji kusubiri sheria.

Kisha yafuate mabomba ya maji ya kunywa, kwa muda maalumu uliotangazwa mapema. Nyaya za umeme, ambazo nazo huvikwa PVC, zisubiri, kwa kuwa hakuna anayekunywa kutoka humo (ingawa wanaozichoma ili wapate shaba wanavuta moshi wake). Kazi ngumu itakuwa kwenye plastiki chakavu inayorejelezwa. Hata kanuni ya Ulaya ya 2023 ya kuzuia risasi kwenye PVC imeacha mlango wazi kwa baadhi ya bidhaa za PVC iliyorejelezwa, na chakavu cha kwetu hakina anayejua kilikotoka.

Bomba dukani limechapwa kipenyo, daraja la presha na jina la mtengenezaji. Stebilaiza haitajwi, na fundi hawezi kuijua kwa macho. Lakini kipimo cha mkononi cha eksirei kinaonyesha risasi kwa sekunde chache tu, bandarini au mlangoni pa duka. TBS, shirika la viwango la taifa, wangeweza kuanza kupima kabla hata marufuku haijaandikwa.