MS: tunaangalia miguu, tunasahau kikohozi

Mgonjwa wa multipo sklerosisi (MS) akianza kukohoa mwezi Juni, baridi ya Mbeya ikiwa imepamba moto, nyumbani wote husema ni mafua ya msimu. Anapewa antibayotiki, anapata nafuu, kisha anarudi palepale. Kwa maoni yangu, tunashughulika mno na mapafu na kuisahau misuli.

MS huharibu utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo, hivyo amri za ubongo hazifiki vizuri kwenye misuli, wala si ya miguu tu. Kwa kawaida misuli ya kutoa hewa, hasa ya tumbo, hudhoofu kabla ya ile ya kuvuta. Mtu anavuta pumzi vizuri tu, lakini kikohozi hakina nguvu. Makohozi yanabaki chini, nimonia inafuata.

Kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu hakilioni hilo. Huku juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, kusoma asilimia 95 si ajabu, na namba inaweza kubaki nzuri hadi mambo yaharibike. Bora kupima kikohozi chenyewe, kwa kile kipimo cha kasi ya pumzi (peak flow meter) wanachopulizia wenye pumu. Akae wima, avute hewa hadi mwisho, abane midomo asiachie upenyo, akohoe ndani yake. Mara tatu, chukua namba kubwa. Chini ya lita 270 kwa dakika, mafua ya kawaida tu yanaweza kumlaza. Chini ya 160, makohozi hayatoki bila msaada.

Msaada wenyewe ufundishwe na mtaalamu wa fiziotherapia: mgonjwa avute hewa, aizuie, aongeze nyingine juu yake mara mbili au tatu, anapokohoa, msaidizi asukume tumbo chini ya mbavu, kwenda ndani na juu. Kamwe si baada ya kula.

Na kula kwenyewe kuna hatari. Chai na maji humpalia upesi kuliko uji mzito. Ale ameketi wima, abaki hivyo nusu saa. Jiko la mkaa, tafadhali, litoke chumbani, hata baridi iume vipi.

Akiamka na kichwa kinauma kila asubuhi, akishindwa kulala chali au akisinzia mchana kutwa, huenda hewa ukaa (kaboni dioksidi) inajikusanya mwilini usiku. Mwambieni daktari, mkitaja na baklofeni au diazepamu anayotumia kulegeza misuli. Akishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, msisubiri kliniki: apelekwe hospitali siku hiyohiyo, akiwa ameketi.