Vazi la Jayanthi

Shangazi yangu hajui Kikannada, na mimi pia sikijui. Lakini juzi nilimwekea kwenye simu wimbo mmoja wa mwaka 1965, picha nyeusi na nyeupe, akautazama mpaka mwisho bila kutia neno. Wanaomfahamu shangazi wataelewa uzito wa jambo hilo. Ulipokwisha akanirudishia simu. "Huyu nani? Mbona enzi zetu pale sinema ya Empress hatukumwona?"

Nikamwambia anaitwa Jayanthi, na hakumwona kwa sababu sinema zake nyingi hazikuwa za Kihindi.

"Mhindi asiyezungumza Kihindi?"

Ndiyo, shangazi, tena wapo mamilioni. Kikannada ni lugha ya jimbo la Karnataka, kusini mwa India, ambako mji mkuu ni Bengaluru. Ina maandishi yake, na ndugu zake ni Kitamil na Kitelugu, si Kihindi. Wewe unayesoma hapa, kama uliwahi kukaa kibanda umiza ukaangalia KGF ya mwaka 2018, basi ulishaona sinema ya Kikannada, hata kama pale nje waliandika tu "Muhindi Mpya".

Sasa nije kwenye kinachonikera. Jayanthi alifariki Julai 26, 2021, akiwa na umri wa miaka 76. Nikaanza kusoma habari zake, na karibu kila niliposoma nilikutana na sentensi ileile: mwigizaji wa kwanza wa sinema ya Kikannada kuonekana na vazi la kuogelea. Mtu ameigiza karibu miongo sita, kwa lugha sita, sinema zinazotajwa kufika 500, halafu anaagwa kwa nguo aliyovaa akiwa na miaka 20.

Sinema yenyewe ni Miss Leelavathi ya mwaka 1965. Inahusu msichana aliyelelewa kwa uhuru, mwenye msimamo wake kuhusu mapenzi na ndoa. Jayanthi alivaa fulana, gauni la kulalia na hilo vazi la kuogelea, wakati waigizaji wakuu wa kike wengi walikuwa ndani ya sari kuanzia tukio la kwanza hadi la mwisho. Lakini wimbo uliomnyamazisha shangazi umo humohumo. Unahusu mashua, iachwe isonge mbele, na maneno yake ni shairi la Kuvempu. Kuvempu ndiye mwandishi wa kwanza wa Kikannada kupata tuzo ya Jnanpith, kubwa kabisa ya fasihi nchini India. Kwa hiyo sinema inayokumbukwa kwa paja la binti ndiyo iliyobeba shairi la mzee anayeheshimiwa kuliko wote katika lugha hiyo. Watengenezaji waliona vyote viwili vinakaa pamoja. Sisi wa baadaye tukachukua paja.

Huwezi kumzungumzia Jayanthi bila B. Saroja Devi, aliyemtangulia. Huyu aliingia mwaka 1955 na Mahakavi Kalidasa akiwa na miaka 17, akawa nyota mkubwa wa kwanza wa kike wa Kikannada, na mwaka 1961 akaigiza malkia mpiganaji katika Kittur Chennamma. Kwenye Kitamil alicheza na MGR, steringi mkubwa wa lugha hiyo, sinema 26. Mama yake alimwekea masharti: vazi la kuogelea hapana, blauzi isiyo na mikono hapana. Akayashika maisha yote ya kazi. Serikali ya India ikampa nishani ya Padma Shri mwaka 1969 na Padma Bhushan mwaka 1992. Alifariki Julai 2025, akiwa na miaka 87.

Wapo wanaowapanga hawa wawili kama somo la maadili: tazameni yule aliyejistiri, tazameni yule aliyejianika. Wengine wanageuza, Jayanthi ndiye aliyekuwa huru na Saroja Devi alifungwa kamba na mama yake. Mimi pande zote mbili nazikataa, na sababu yangu ni ndogo lakini naipenda sana. Watazamaji walimpa Saroja Devi jina la Abhinaya Saraswathi, yaani Saraswati wa uigizaji. Jayanthi wakamwita Abhinaya Sharade. Saraswati ni mungu wa kike wa elimu na sanaa. Na Sharada ni nani? Ni huyohuyo Saraswati kwa jina lake jingine.

Ina maana watu waliokata tiketi, na wengi wao walikuwa wacha dini kweli, waliwatazama wote wawili, mwenye mikono ya blauzi na asiye nayo, wakawapa mungu mmoja. Ugomvi wa nguo walishaumaliza kabla yetu.

Na tusisahau kwamba kumwambia prodyuza "hili sivai" kunahitaji uwe unauza. Binti mgeni akisema hivyo anaambiwa kesho asije. Saroja Devi aliweza kwa sababu sinema zilimhitaji yeye kuliko alivyozihitaji.

Turudi kwa Jayanthi, maana nimemlalamikia kila mtu halafu nami nimeanza na nguo. Jina lake la kuzaliwa ni Kamala Kumari, mtoto wa Ballari. Wazazi walipotengana, mama akahamia naye Madras, yaani Chennai ya leo, akitaka awe mchezaji wa ngoma za jadi. Bahati ni kwamba sinema za Kikannada wakati huo zilitengenezwa kwa wingi katika studio za Madras hiyohiyo. Mwongozaji Y. R. Swamy akamwona kwenye mazoezi ya ngoma, akampa nafasi katika Jenu Goodu ya mwaka 1963 na kumbadilisha jina.

Kuanzia hapo alifanya sinema nyingi na Rajkumar, steringi ambaye kwa Wakannada alikuwa kama baba wa nyumba. Tatizo ni kwamba waigizaji wa kike wa lugha ile huhesabiwa kwa idadi ya sinema walizocheza naye, kama vile wao ni abiria na yeye ndiye dereva. Kwangu mimi kazi za kumpima Jayanthi ziko kwingine. Iko Iru Kodugal ya mwaka 1969, ya Kitamil, ya K. Balachander. Mume ana mke wa zamani aliyeachana naye kitambo. Siku moja anapata bosi mpya ofisini, mkuu wa wilaya, na bosi ni huyo mke wa zamani. Jayanthi ni mke wa sasa, anayebaki nyumbani na wivu wake. Nafasi kama hiyo ni rahisi kuigeuza kichekesho au kero. Yeye anakufanya umwonee huruma hata anapokosea.

Na iko Edakallu Guddada Mele ya mwaka 1973, ya Puttanna Kanagal, mwongozaji aliyejenga sinema zake juu ya mabega ya wanawake. Jayanthi ni Madhavi, mke wa askari aliyerudi kutoka vitani na jeraha lililomwondolea uwezo wa ndoa. Madhavi anampenda mume wake. Na bado mwili unadai, na kijana yuko jirani. Kuna wimbo wa upweke humo, sauti ya S. Janaki, na hata usipoelewa neno moja unajua mwanamke huyu anasema kitu ambacho hakuna mtu atakayemruhusu akiseme mezani. Hapo amevaa sari, amejifunika vizuri kabisa. Ukiniuliza, hiyo ndiyo sinema yake ya hatari, kuliko ile ya vazi la kuogelea.

Machi 2018 alilazwa kwa pumu iliyomsumbua miaka mingi, na mitandao ikamzika akiwa hai. Watu wakaweka picha na salamu za rambirambi. Aliishi miaka mitatu zaidi.

Shangazi nilimsimulia kisa cha Madhavi. Akakaa kimya tena, mara ya pili kwa wiki moja. Kisha akasema, "Huyo mume naye alikuwa anajua?" Kabla sijajibu akanizuia kwa mkono. "Usiniambie. Itafute, tuiangalie Ijumaa, watoto wakishalala."