Kiwashio Kifike Juu Kabisa

Juzi baada ya alasiri mpwa wangu alinikuta barazani, huku kwetu Ngamiani, Tanga, nimetandaza nyaya mkekani. "Shikamoo mjomba. Hebu tazama hii." Kwenye simu yake kulikuwa na video ya roketi ndefu kuliko mtu mzima, imesimama kwenye reli ya kurushia. Wakahesabu kushuka hadi sifuri. Moshi ukatoka chini, pff, kimya. Pff tena. Kisha sauti ya mtu ikasema, injini mbovu hii.

Nikamwambia airudishe mwanzo. Yule bwana alionekana ameinama chini ya roketi, akasukuma waya mara moja ndani ya nozeli, yaani mdomo wa chini wa injini unaotoa gesi, akabandika teipu, akaondoka. Hakupima chochote.

Nimeishi Marekani miaka sita nikifanya kazi ya umeme, na siku za mapumziko nikirusha roketi na wenzangu. Hilo neno "injini mbovu" nimelisikia mpaka likanichosha. Mimi naamini injini husingiziwa. Mara nyingi kosa ni la kiwashio, yaani ule waya wenye kichwa kinachoshika moto umeme ukipita, na zaidi ni la mkono uliokiingiza. Mtu anatumia miezi kuunda roketi, anaipiga rangi, ananunua injini ya bei kubwa, halafu kazi inayoamua kila kitu anaifanya kwa sekunde tatu.

Injini hizi za nguvu kubwa huanzia daraja H, yaani zaidi ya nyutoni-sekunde 160, kipimo cha jumla ya msukumo wa injini, na kila herufi inayofuata ni maradufu ya iliyotangulia. Fueli yake si unga kama wa fataki. Ni kitu kigumu chenye asili ya mpira, ndani yake mna chumvi ya amonia pakloreti inayotoa oksijeni, na mara nyingi unga wa alumini. Hukatwa vipande vyenye tundu katikati, vikapangwa kimoja juu ya kingine ndani ya ganda, hivyo tundu likawa refu kuanzia kwenye nozeli chini hadi mwisho kule juu. Fueli hii haikubali moto kirahisi. Inataka joto la kutosha, na inataka mgandamizo, maana kadiri gesi inavyobanana ndani ndivyo inavyoungua kwa kasi.

Ndiyo maana kiwashio hakina budi kufika juu kabisa, kiguse mwisho wa tundu. Kikiwaka kule, moto unashuka kwa urefu wote wa tundu ukilamba kuta zake, fueli yote inashika karibu kwa wakati mmoja, gesi inajaa, roketi inaondoka kwenye reli kwa kasi inayotakiwa. Kikiwaka chini karibu na nozeli, kipande cha mwisho tu ndicho kinachoshika. Gesi yake inatoka nje mara moja, na pengine inakitema kiwashio chenyewe. Mgandamizo unashuka, moto unafifia, unajaribu tena. Ndiyo ile pff, pff. Hata zile roketi mbili za pembeni za Space Shuttle, chombo cha anga cha Marekani, zenye fueli kavu, kiwashio chake kilikaa upande wa juu.

Nayasema haya kwa sababu yamenikuta. Ilikuwa Kansas, kwenye shamba la ngano lililokwisha kuvunwa. Injini yangu ya daraja I ilikuwa na vipande vitatu vya fueli. Nilisukuma kiwashio, kikagota mahali, nikaamini nimefika mwisho. Kumbe kichwa kilikuwa kimekwama kwenye ukingo, pale kipande kimoja kinapokutana na kingine. Roketi ilikohoa mara mbili, ya tatu ikapanda taratibu mno, na ilipotoka tu kwenye reli upepo ukailaza. Ikaruka chinichini, ikajichimbia ardhini. Hakuna aliyeumia, kwa sababu tulikuwa nyuma ya mstari wa futi 100, kama mita 30 hivi. Lakini nilitetemeka, na usiku ule sikulala vizuri.

Tangu siku hiyo sijaingiza kiwashio bila kupima. Nalaza kiwashio kando ya ganda la injini, kichwa chake mahali tundu linapoishia, na pale waya unapopita kwenye mdomo wa nozeli nazungushia kipande cha teipu nyekundu. Nikisukuma ndani na teipu ikabaki nje upana wa vidole vinne, najua vidole vinne vya tundu viko tupu kule juu. Natoa, nageuza kidogo, nasukuma tena. Waya ukiwa laini naufunga kwenye kijiti chembamba cha mti kiupandishe. Kisha kifuniko cha plastiki mdomoni, chenye upenyo wa kutolea gesi. Kuna wanaoziba kote kwa teipu wakidhani wanasaidia. Nawasihi waache.

Kwenye umeme ndiko nilikozoea, na ndiko ninakoona uzembe mwingi zaidi. Ncha mbili za waya wa kiwashio zisokotwe pamoja tangu mwanzo, zikae hivyo mpaka dakika ya kuunganisha. Kiwashio kiingizwe roketi ikiwa imesimama jukwaani, imeelekea juu, si mezani wala ndani ya gari huku watu wanapiga soga. Ufunguo wa kidude cha kurushia uwe umechomolewa, uko mfukoni mwa anayeunganisha. Kabla hujagusa waya, gusanisha vibanio viwili vya nyaya zinazotoka kwenye kidude hicho: pakitoka cheche, simama hapo hapo. Visugue kwa msasa, maana vimekwisha kuungua mara nyingi na weusi ule haupitishi umeme vizuri. Halafu angalia visigusane wala visiguse bamba la chuma lililo chini, vikipiga shoti umeme hautafika kwenye kiwashio. Huku kwetu pwani ningeongeza unyevu na chumvi ya bahari. Viwashio vingekaa kwenye chupa iliyofungwa vizuri.

Ikigoma je? Chama cha Roketi cha Marekani, NAR, kilichoanzishwa mwaka 1957, kinaagiza utoe ufunguo au ukate betri, kisha usubiri sekunde 60 kabla mtu yeyote hajasogea. Ukiwa na hamu ya kujua kilichotokea, dakika hiyo moja ni ndefu sana. Isubiri yote.

Marehemu babu yangu alivua dagaa kwa karabai huko Sahare. Alikuwa akimimina spiriti kwenye kikombe chini ya utambi, anawasha, kisha anatulia mpaka spiriti ikaribie kuisha ndipo apampu. Sisi watoto tulitaka apampu upesi. Ukipampu mapema mafuta yanapanda bado maji, taa inatoa ulimi wa moto na masizi, na utambi umekufa. Nilimkumbuka nilipowaona watu wakitumia viwashio vidogo vinavyolipuka kwa kufumba na kufumbua, wanashangaa injini kubwa haikushika. Ule moto ulikuja haraka, lakini haukukaa.

Pwani yetu si ngeni kwa mambo haya. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, roketi ya Scout ilipaisha setilaiti iliyoitwa Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya iliadhimisha uhuru wake. Hatua zote nne za Scout zilikuwa za fueli kavu, ile ambayo ikishashika haina swichi ya kuizima.

Hapa Tanga siwashi injini hizi, na vijana wanaoniomba niwafundishe kupika fueli nyumbani nawakatalia kabisa. Bila vibali na uwanja mkubwa wa wazi, tunarusha chupa za maji kwa pampu ya baiskeli. Lakini mkono wa kupima unaweza kufundishwa popote.

Kwa hiyo nilimpa mpwa wangu kipande cha bomba la plastiki, ndani nimepanga pete tatu za karatasi ngumu, waya, na teipu nyekundu. Alipima, akasukuma. Teipu ikabaki nje vidole viwili. "Imefika mjomba." Sikumjibu. Akaitazama teipu, akavuta waya wote nje, akaunyoosha kwenye paja, akaanza upya.