Bamvua Halikuwemo Katika Ratiba Yangu

Mwezi uliopita mpwa wangu, ambaye yuko mwaka wa tatu wa shahada ya biashara huko Unguja, aliniletea ujumbe wa WhatsApp akitaka nimsaidie kuchagua mada ya utafiti wake wa kumalizia masomo. Alikuwa na mada nne, na zote zilianza kwa neno "athari": athari za mitandao ya kijamii katika utendaji wa biashara ndogo ndogo Zanzibar, athari za mikopo, athari za mafunzo kwa wafanyakazi wa hoteli, na ya nne nimeisahau. Nilicheka peke yangu ndani ya basi hapa Leeds, kwa sababu mada yangu ya kwanza, miaka mingi nyuma, ilikuwa ndugu yao tumbo moja.

Mimi nimepanga utafiti wa biashara mara mbili, kwanza nyumbani kwa shahada ya kwanza, kisha hapa Uingereza kwa shahada ya uzamili. Wengi wetu tulioko nje, mazungumzo yakifika kwenye elimu, husema kwamba huku kila kitu kimepangwa na kwetu ni ubabaishaji mtupu. Sikubaliani nao, ingawa nusu ya maneno yao ni kweli.

Nusu ya kweli ndiyo hii: nyumbani tulikuwa na dodoso kabla ya kuwa na swali. Tulijua kwamba tutagawa karatasi, tutaingiza majibu katika SPSS, ile programu ya takwimu, na tutatoa majedwali. Kilichobaki kilikuwa kutafuta jambo la kuulizia. Nilichagua wafanyabiashara wa soko la Darajani, mjini Unguja, na ili kupata idadi ya watu wa kuwahoji nikatumia fomula ya Yamane ya mwaka 1967, ambayo wanafunzi wa kwetu wameihifadhi kama sura fupi za Juzuu Amma. Niliandika kwamba wafanyabiashara ni 400, kosa ninalolikubali ni asilimia 5, na jibu likatoka 200 kamili, bila hata desimali moja. Hakuna aliyeniuliza hao 400 nimewatoa wapi. Niliwakisia, nikiwa nimekaa barazani. Fomula ile inataka ujue watu wako ni wangapi kwa hakika, kisha uwachague kwa bahati nasibu; mimi orodha sikuwa nayo, na waliojaza karatasi zangu ni wale ambao wakati ule hawakuwa na mteja dukani. Takriban wote walizungushia duara namba 4, "nakubali", katika ile ngazi ya hatua tano aliyoileta Rensis Likert mwaka 1932, kwani kwetu kumkatalia mtoto wa watu usoni ni utovu wa adabu, hata kama anachokuuliza hukielewi.

Nilipofika huku, msimamizi wangu aliisoma mada yangu mpya, ambayo ilihusu ujasiriamali na maendeleo ya wanawake wa Zanzibar, akaniuliza: jibu ukilipata, utalijuaje kwamba ndilo? Nilinyamaza. Ilinichukua wiki tano kuipunguza mada ile, kutoka Zanzibar nzima hadi kijiji kimoja cha Wilaya ya Micheweni, kisiwani Pemba, na kutoka wanawake kwa jumla hadi wakulima wa mwani, mpaka likabaki swali moja tu: kwa nini mkulima humuuzia mnunuzi yule aliyempa kamba za kulimia, hata pale mwengine anapotoa bei kubwa zaidi? Karafuu isingelibeba swali hilo, kwa sababu kisheria mnunuzi wake ni mmoja, ZSTC, shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar. Mwani, ambao kilimo chake cha biashara kwetu kilianza mwaka 1989, una wanunuzi zaidi ya mmoja, na hapo ndipo penye la kuuliza. Deni, uaminifu na bei vyote vimo ndani ya swali lile, na mtu mmoja anaweza kulifanyia kazi katika miezi mitatu ya kiangazi ambayo vyuo vya huku humpa mwanafunzi wa uzamili.

Baada ya hapo nikatengeneza ratiba. Ilikuwa ratiba nzuri, ya wiki kwa wiki, yenye rangi, na katika wiki ya tatu niliandika mahojiano 12, majumbani, kuanzia saa 3 hadi saa 6 za asubuhi. Nilifika kijijini na shangazi yangu siku ya kwanza nikakuta milango imefungwa na kuku tu uani. Lilikuwa bamvua, zile siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Maji hupwa kabisa mnamo saa 4 asubuhi siku hizo, na kila mwenye kamba zake alikuwa chini pwani akivuna na kufunga mbegu mpya kabla ya maji kurudi. Mimi ni mzaliwa wa Wete, na bamvua na maji mafu nimevijua tangu utotoni; lakini nilipokaa Leeds mbele ya kompyuta niliandika kama mtu ambaye hajapata kuiona bahari. Nilisubiri siku sita, mpaka bamvua lipite. Msimamizi wangu asingeweza kulijua jambo lile, na si kosa lake.

Pia nilibeba fomu ya ridhaa ya kurasa mbili, iliyotakiwa na kamati ya maadili. Bibi mmoja aliishika, akaigeuza huku na huku, akaniambia: "Mwanangu, nitie saini ya nini? Mkopo mimi sikuchukua." Wakulima wale wanadaiwa kamba, karatasi yenye mahali pa saini kwao ni deni. Kamati, nilipoiandikia, ilikubali ridhaa ya mdomo iliyorekodiwa, na nakiri kwamba ilijibu kwa haraka kuliko nilivyotarajia. Ningeliomba hivyo mapema laiti ningelimsomea shangazi fomu ile kwa simu kabla ya kuondoka.

Kwa hiyo ninapowasikia wenzangu wakidharau, huwakumbusha kwamba mwanafunzi wa nyumbani ana mali ambayo wa huku anaitafuta kwa tochi. Mwenzangu wa darasani aliyetaka kuwahoji mameneja wa maduka makubwa alituma barua pepe kwa wiki sita, akajibiwa na wawili. Mimi, nilipokwishapata kibali cha utafiti cha Serikali (na hicho kipangiwe muda wake, hakitoki kwa siku moja), nilikwenda kwa sheha, kiongozi wa Serikali pale kijijini, na jioni ile ile kijiji kizima kikajua mimi ni mtoto wa nani. Tatizo ni kwamba tunaiacha mali hiyo, tunakwenda kunakili mada za waliotutangulia, halafu tunaandika dodoso kwa Kiingereza na kulitafsiri papo hapo mbele ya muuzaji, kila mara kwa maneno tofauti. "Utendaji wa biashara" si neno la sokoni. Muulize mtu kama fedha ya kununulia mzigo wa kesho anayo leo, utapata jibu.

Haya nilimwandikia mpwa wangu, kwa urefu kuliko alivyopenda. Alikaa kimya siku nne. Juzi akaniletea swali badala ya mada: kwa nini wachuuzi wa samaki hapo dikoni kwao, vyombo vinapoteremsha samaki, huchukua samaki kwa dalali yule yule kwa kukopa, hata siku wanapokuwa na fedha taslimu mfukoni? Nikamuuliza mnada huanza saa ngapi, na dalali huwa na nafasi ya kuzungumza saa ngapi. Amenijibu: "Sijui, mjomba. Kesho alfajiri nakwenda kuangalia."