Neno Nililookota Chini ya Kabati

Kiingereza changu nimekijenga kwa kuokotaokota. Nikisikia neno tamu mdomoni mwa mtu nalitia mfukoni, siku yake ikifika nalitoa. "Cumbersome" nililiokota siku tuliyohamisha ofisi.

Lilikuwa kabati la mafaili, milango mitatu, halina pa kushikia. Mimi nilipewa upande wa chini wa ngazi, ule wanaopewa watu wasiojua kukwepa. Kwenye kona likagoma: ukiliinamisha linakwama juu, ukilisimamisha linakwangua ukuta. Mtaalamu wetu mgeni, aliyeshika upande wa juu, akachungulia, macho yetu yakagongana, akatabasamu: "Very cumbersome!"

Nikajibu, "Thank you."

Msinicheke. Nilikuwa nimetoka kunyoa na shati lilikuwa jipya. Isitoshe, "handsome" ni sifa, "awesome" ni sifa. Huyu si mdogo wao? "Troublesome" na "tiresome" sikuwa nimekutana nao bado. Ningewajua, ningeuliza kwanza habari za ukoo.

Mwezi mzima nikalitunza. Mtaalamu akamaliza mkataba, ikaandaliwa hafla ya kumuaga, mshereheshaji mimi. Akaja na mkewe, mrembo kwelikweli. Nikaona "beautiful" ni nguo iliyokwisha kuvaliwa na kila mtu. Nikashika kipaza sauti kwa mikono miwili, nikatangaza kwamba ukumbi ule haujapata kuingiwa na mwanamke aliye "more cumbersome" kuliko huyu.

Kimya. Mtu mmoja akaweka uma kwenye sahani taratibu, kama anayeogopa kuamsha mtoto. Nikadhani wameguswa. Kwa hiyo nikaongeza, kwa unyenyekevu, kwamba neno si langu, nimelitoa kwa mumewe.

Yule mama akageuza shingo, polepole, kumwelekea mumewe.

Dada wa uhasibu akanivuta koti. "Kaka, shuka. Umemwambia mke wa watu kwamba habebeki."

"Habebeki vipi?"

"Kama lile kabati!"

Akaniburuta hadi nyuma ya spika, akanipa somo kwa kunong'ona. Si uzito peke yake, alisema. Ngazi ya mbao ni nyepesi, lakini ipitishe kwenye korido yenye kona uone. Ni kitu kinachokusumbua kwa umbo lake, hujui ukishike wapi wala ukigeuze vipi. Hata utaratibu huitwa hivyo, ule wa fomu sita kwa ajili ya kuomba kalamu moja. "Sasa wewe umelivisha mtu!"

Alipoondoka nikabaki palepale na kamusi ya simu. "Cumber" ni neno la kale, maana yake kuzuia au kulemea, na asili yake Kifaransa. Hiyo niliistahili. Kilichoniuma ni "handsome": hapo zamani, kamusi ikasema, lilimaanisha kitu chepesi kushikika, chenye kukaa vizuri mkononi. Yaani ndugu wawili niliowadhania pacha walianza maisha wakiwa kinyume, mmoja anashikika, mwenzake hashikiki. Na mimi nimekwenda kuokota yule mwingine!

Nikatoka kwenda kuomba radhi. Mumewe alikuwa amekwisha kusimulia habari ya kabati na ile "thank you" yangu, na meza nzima ilikuwa inafuta machozi. Mama akanipa mkono. Nikashukuru, nikafikiri yamekwisha.

Kumbe zawadi ilikuwa picha ya kuchorwa, kubwa kama mlango. Wa kuipeleka garini wakatafutwa, na mama akasema yeye atashika upande mmoja na mshereheshaji ashike wa pili. Mlangoni ikakwama. Tukaijaribu wima, tukaijaribu ubavu, tukarudi nyuma tukagonga meza. Akanichungulia juu ya fremu, nyusi moja imepanda, akaniuliza kwa Kiingereza cha taratibu kama cha mwalimu: hii tunaiitaje?

Ukumbi mzima ulikuwa unasubiri.

"Heavy, madam," nikasema.

Ilikuwa nyepesi kama unyoya.