Ilipotea kwa Nani?

Jumamosi nilikuwa kwa kinyozi, mbele yangu watu wawili, na televisheni ya ukutani ilikuwa inaonyesha kipindi cha ndege ya vita iliyolala chini ya bahari huko Kanada. Muziki wa kutisha, sauti nzito ya msimulizi, wazamiaji wanashuka na taa zao. Halafu likaja neno lenyewe: baada ya kupotea kwa miaka 67, ndege hii hatimaye imegunduliwa!

Nikajikuta nimeuliza kwa sauti, "Imegunduliwa na nani?"

Kinyozi akazima mashine, akaniuliza kama nina ugomvi na Kanada. Sina. Watu wa Kanada hawajanikosea kitu. Ugomvi wangu ni na neno hilo, na nimekaa nalo wiki nzima, kwa hiyo leo mtanivumilia.

Kisa chenyewe kinajulikana. Tarehe 2 Novemba 1942, ndege aina ya Catalina ya jeshi la Marekani, zile zenye tumbo la mashua zinazotua majini, ilikuwa mbele ya kijiji cha Longue-Pointe-de-Mingan, Quebec, pwani ya kaskazini ya Ghuba ya St. Lawrence. Ndani watu 9. Bahari ilikuwa imechafuka. Rubani akajaribu kuirusha, mawimbi yakampiga, tumbo la ndege likapasuka na maji yakaanza kuingia. Wavuvi wa kijiji wakashusha mashua zao, wakapiga makasia mpaka pale, wakawatoa watu 4. Watano walibaki ndani, wakazama nayo.

Mwaka 2009 wataalamu wa akiolojia ya majini wa Parks Canada, idara ya hifadhi za taifa ya kule, wakapitisha sona, kifaa kinachosaka chini ya maji kwa mwangwi wa sauti, wakaikuta. Kina cha mita 40 hivi, imelala kichwa chini, haijasambaratika. Mwaka 2012 Wamarekani wakaleta meli yao ya uokozi, USNS Grapple, na wazamiaji, wakaanza kutoa mabaki ya wale watano pamoja na vitu vyao vidogo vidogo.

Sasa turudi pale kwenye makasia. Ili umtoe mtu kwenye ndege inayozama, ni lazima ufike pale ndege inapozama. Sijui kama msimulizi yule alilifikiria hilo. Wale wavuvi waliifikia. Waliishika. Mwezi wa Novemba, maji ya kule ni ya baridi kali, mashua ya mbao, hakuna injini, na mbele yao lidude la chuma lenye mabawa ya mita 32 likipanda na kushuka na mawimbi. Wakachukua waliowaweza. Mwishowe wakaiona inavyozama na watu ndani. Kisha wakarudi nyumbani, na kesho yake, na mwaka uliofuata, wakapita juu ya maji yale yale kutafuta samaki wa kulisha watoto.

Halafu mimi niambiwe ilipotea.

Ilipotea kwa nani? Katika faili la ofisi fulani huko Marekani, labda. Pale kijijini kulikuwa na watu walioiona ikienda chini wakiwa watoto, na baadhi yao walikuwa bado hai, wazee, meli ya Wamarekani ilipotia nanga miaka 70 baadaye. Mtu aliyekuwa na miaka saba siku ile anaweza kukuonyesha kwa kidole mpaka anaingia kaburini. Kitu ambacho kijiji kizima kinakijua hakijapotea. Kimekosa tu mtu wa kwenda kukiuliza.

Mjomba wangu ni mvuvi wa jarife, kaskazini ya Pangani. Kuna mahali wanapaita Chumani. Ukitupa nyavu pale bamvua likiwa linatoka, hesabu umezikosa, zitanasa na zitachanika. Ukimuuliza Chumani ni wapi hatakupa namba za setilaiti. Atakwambia mnazi uliopinda ukiukalia mnara wa msikiti, na upande wa pili kisiwa kikianza kujifungua, uko juu yake. Chini kuna nini? "Chuma." Chuma cha nini? "Cha wazee." Baba yake alimwonyesha, na yeye amewaonyesha wanawe. Siku moja atakuja mtu na boti nyeupe na sona yake, atakaa siku tatu, ataondoka amegundua. Kwenye ripoti mjomba ataingia kama "wenyeji wanadai". Na yeye atajua kwa sababu mtu atamtumia picha kwenye simu.

Au tuvuke mpaka Wales. Usiku wa dhoruba wa Novemba 1940, ndege nyingine ya namna hiyo, Sunderland yenye namba T9044, ilizama ikiwa imefungwa kwenye boya lake pale Pembroke Dock. Ikaja kujulikana ilipo mwaka 2000. Kwa sona? Kwa manowari? Kwa madema! Mvuvi wa kambakochi madema yake yalikuwa yananasa, mzamiaji akashuka kuyanasua, akakuta ndege. Hapo napo utasikia "iligunduliwa kwa bahati". Bahati, mtu anapoteza madema yake kila msimu mahali pale pale.

Haya, nikubali nisilopenda kukubali. Mvuvi naye ana chumvi yake. Mjomba huyo huyo aliwahi kutuapia kwamba kuna mzinga wa Mjerumani chini ya maji karibu na mlango wa mto, tukapoteza siku nzima na petroli ya watu, tukakuta jiwe. Na hata mvuvi anayesema kweli hawezi kushuka mita 40 kwenye baridi ile, afungue mlango uliojaa matope, atoe mifupa ya mtu kwa heshima yake, ipimwe ijulikane ni ya nani. Hiyo ni kazi ya wataalamu na waliifanya. Familia tano zilisubiri tangu 1942. Siwezi kuikejeli kazi hiyo, na nikiikejeli mama yangu atanikumbusha kwamba kuna babu upande wake ambaye kaburi lake hatulijui.

Na hapo ndipo shingo iliponikaza pale kwa kinyozi. Februari 1944 meli Khedive Ismail ilitoka Kilindini kwenda Colombo na watu zaidi ya 1,500. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani ikaipiga, ikazama kwa dakika chache. Walikufa zaidi ya 1,200, na mamia yao walikuwa askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki, vijana wa kwetu, ambao wazee waliwaita wote tu Keya, yaani askari Waafrika wa jeshi la Mwingereza. Wakati ule ule ndege hizi za majini zilikuwa hapa hapa, Catalina zimefungwa Kipevu, nyingine Dar es Salaam, zinazunguka Bahari ya Hindi kusaka nyambizi. Kwa hiyo vita hivi havikuwa vya televisheni. Vilipita mlangoni. Lakini uliza leo mtaani kwenu Khedive Ismail ni nini. Mimi mwenyewe niliisikia nikiwa mtu mzima, tena kwa kuisoma, wala si kwa mwalimu wa historia.

Najua, bahari ile ni ya kina kirefu, si mita 40. Sijaomba meli ya uokozi. Nasema tu kwamba watano walifuatwa hata baada ya miaka 70, na mamia hatujui hata kuwataja.

Kuna Catalina nyingine ambayo haijawahi kupotea hata siku moja. Iko Diego Garcia, kisiwa cha katikati ya Bahari ya Hindi, kwenye minazi ya East Point, dhoruba iliitupa ufukweni mwaka 1944 na ikaachwa pale pale. Watu wa kisiwa waliishi nayo, watoto waliikuta na kuiacha. Kati ya 1968 na 1973 Waingereza wakawaondoa watu wote wa visiwa vile, wakawapeleka Morisi na Shelisheli, ili Wamarekani wapate kambi. Ndege ikabaki. Sitaongeza neno.

Basi nilivyokuwa nimekaa kwenye kiti, shuka shingoni, nikamwomba kinyozi aache kipindi kiishe. Nilitaka kitu kimoja tu. Tulitajiwa jina la meli. Tulitajiwa kina, aina ya injini, aina ya sona. Msimulizi akafika tena kwenye ile siku ya 1942, picha za mawimbi, na akasema "wavuvi wa eneo hilo". Nikasubiri majina. Waliopiga makasia walikuwa na majina, na wajukuu wao wapo. Yakaanza kupanda yale maandishi ya mwisho, mstari mmoja mmoja, mpiga picha, msaidizi wa mpiga picha, dereva, aliyepika chakula. Nikayasoma yote.

Kinyozi akabadilisha, Simba walikuwa wanaingia uwanjani.